Ganda la embe ni chakula, lakini lipitie chunguni kwanza



Embe likimenywa, ganda hutupwa. Tikiti likiliwa, sehemu nyeupe huachiwa nzi. Nanasi likikatwa, karibu nusu yake huishia kwenye lundo la takataka. Tumezoea hivyo tangu utotoni, na wengi wetu hatujawahi kuuliza kama vyote tunavyotupa ni taka kweli.

Jibu fupi ni hapana. Baadhi ya maganda ni chakula cha binadamu, baadhi ni malisho ya mifugo, na machache ni sumu. Katika makala hii tutaeleza lipi ni lipi, na jinsi ya kuyatayarisha bila kujiletea ugonjwa.

EMBE NA KIPINDUPINDU HUJA MSIMU MMOJA

Tuanzie Hai Cinema, mmojawapo wa mitaa ya mji wa Juba, Sudan Kusini. "Hai" kwa Kiarabu ni mtaa, kwa hiyo jina hilo ni sawa na kusema Mtaa wa Sinema. Juba ni mji wa miembe. Mvua zinapoanza, miezi ya Aprili na Mei, embe hujaa sokoni na nyingine huoza chini ya miti. Matunda mengine, kama mananasi, ndizi na matikiti, hufika kwa malori kutoka Uganda kwa barabara ya Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ambayo ilikamilika kuwekwa lami mwaka 2012. Kwa hiyo mkazi wa Hai Cinema hukosa vitu vingi, lakini maganda hayakosi.

Shida ni kwamba msimu wa embe ni msimu wa hatari pia. Tarehe 15 Mei 2014 mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa Juba, na kabla ya mwaka kwisha watu zaidi ya 6,000 walikuwa wameugua nchini. Zaidi ya 150 kati yao walikufa. Mwezi Juni 2015 mlipuko mwingine ulitangazwa, na wagonjwa wengi walikuwa wa Juba. Mwezi Oktoba 2024 kipindupindu kilitangazwa tena, safari hii kikianzia Renk kaskazini, kikaenea sehemu nyingi za nchi na kuendelea mwaka 2025.

Familia nyingi za Juba hununua maji yanayoletwa na maboza au kubebwa kwa jerikani, na sehemu kubwa ya maji hayo huchotwa mtoni. Maji hayo yasipotiwa dawa, ndiyo yanayooshea matunda.

Hali hiyo haiko mbali na yetu ya kambini. Sisi pia tunatumia bomba moja watu wengi, tunahifadhi maji kwenye jerikani, na tunanunua matunda yaliyopangwa juu ya gunia chini. Mvua zikianza, vyoo hujaa na maji machafu hutembea.

Ndiyo maana kipindupindu kinapoingia, wahudumu wa afya husema: kipike, kimenye, au kiache. Je, leo tukisema ganda liliwe, hatujipingi wenyewe? Hatujipingi, ila ni lazima tuseme kwa ukamilifu: ganda liliwe likiwa limeoshwa na kupikwa. Wakati wa mlipuko usile ganda bichi kabisa, hata likiwa limeng'aa.

KWA NINI TUHANGAIKE NA MAGANDA?

Sababu ya kwanza ni mgao. Mgao wa kambini kwa kawaida ni chakula kikavu: nafaka, kunde au maharagwe, mafuta na chumvi. Hushibisha, lakini vitamini C ndani yake ni kidogo sana. Miaka ya 1980, wakimbizi wa Ethiopia waliokuwa katika kambi za Somalia na Sudan walipatwa na kiseyeye kwa sababu hiyo. Fizi zilivimba na kutoa damu, miguu ikauma hadi wengine wakashindwa kutembea. Hawakuwa wamekosa nafaka. Walikosa matunda na mboga.

Mgao wenyewe nao hauna uhakika. Mwezi Juni 2022 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilitangaza kwamba kwa ukosefu wa fedha lingesitisha msaada kwa watu milioni 1.7 nchini Sudan Kusini. Mwenye kununua embe moja kwa senti zake za mwisho ana haki ya kujua kama alilipia kitu kingine pamoja na nyama ya tunda.

Sababu ya pili ni uchafu. Maganda yaliyotupwa nyuma ya nyumba huita nzi na panya, na nzi wakitoka chooni hupita kwenye sahani. Kila ganda linaloingia chunguni, kwa mbuzi au kwenye shimo la mboji ni ganda ambalo nzi hawakulipata.

Wala hili si tatizo la maskini tu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ilitupwa na familia majumbani.

MAGANDA YANAYOFAA KULIWA

Embe. Ganda lina nyuzinyuzi nyingi zinazosaidia choo, pamoja na vitamini C. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki achari ya embe mara nyingi hutengenezwa kwa embe mbichi zilizokatwa pamoja na ganda lake. Kwa mboga, chukua ganda la embe lisilooza, likate vipande vyembamba, ulipike na kitunguu, nyanya na chumvi mpaka lilainike. Tahadhari: utomvu wa embe una kemikali ya jamii moja na ile ya ganda la korosho. Mtu ambaye midomo humwasha au kuvimba akila embe asile ganda lake kabisa.

Tikiti. Parua ngozi ya kijani iliyo ngumu, kisha katakata sehemu nyeupe na uipike kama unavyopika mung'unye. Ukiongeza karanga za kusaga, mboga hiyo hula ugali vizuri. Mbegu zake usizitupe: zioshe, zikaushe na uzikaange na chumvi kidogo. Zina mafuta na protini, na huko Sudan ni kitafunio cha siku nyingi. Watoto wadogo wasipewe mbegu nzima, zinaweza kuwakaba. Tikiti lenyewe ni la kwetu: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa tikiti la Kordofan, Sudan, ndilo ndugu wa karibu zaidi wa tikiti tunalokula leo.

Boga. Ganda la boga changa hulainika likichemshwa, na boga hupikwa pamoja nalo. Mbegu zilizokaangwa zina madini ya chuma na zinki. Majani yake ni mboga.

Nanasi. Osha nanasi zima kwa kulisugua, kisha limenye. Maganda yachemshe na tangawizi kwa dakika 20 hivi, uchuje na unywe. Kinywaji hicho kina ladha nzuri bila sukari nyingi. Kinywe siku hiyohiyo, maana kikilala huchacha.

Ndimu, limau na chungwa. Ganda lina uchungu, kwa hiyo halitumiki kwa wingi. Kipande chembamba ndani ya chai au uji kinatosha. Ndimu nzima na ganda lake huwekwa achari kwa chumvi na pilipili.

Kiazi kitamu na kiazi mviringo. Hivi si matunda, lakini maganda yake hutupwa vilevile. Chemsha kiazi na ganda lake, kwa sababu hivyo madini na vitamini havipotei majini. Kiazi mviringo kilichogeuka kijani au kuchipua kina sumu, na sehemu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Ikate yote na kuitupa. Kama kijani kimeenea, tupa kiazi chote.

MAGANDA YASIYOLIWA

Muhogo. Ganda la muhogo lisiliwe na mtu kwa namna yoyote. Lina sumu ya sayanaidi, na hasa muhogo mchungu. Hata nyama ya muhogo mchungu ni lazima ilowekwe siku kadhaa na kukaushwa kikamilifu. Watu waliofupisha kazi hiyo kwa sababu ya njaa walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Jina hilo limetoka Kongo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa na ugonjwa huo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985, ukame pia, ulitokea wilaya ya Tarime, Tanzania. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Njaa ndiyo iliyowaharakisha.

Parachichi. Ganda lake lisiliwe, na majani na maganda yake yasipewe mbuzi, yanaweza kuwadhuru.

Papai bichi. Ganda lina utomvu unaochoma mdomo na tumbo. Mama mjamzito aepukane nalo.

Ganda lolote lenye ukungu, lililooza, au lililookotwa jaani. Hata lichemshwe vipi, lisiliwe.

OSHA HATA KAMA HUTAKULA GANDA

Watu wengi hudhani tunda linalomenywa halihitaji kuoshwa. Sivyo. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu, hubeba uchafu huo na kuuingiza ndani ya tunda. Mikono nayo hushika ganda kisha hushika nyama. Kwa hiyo fuata hatua hizi kila mara:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

2. Tumia maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, au yaliyochemshwa. Klorini ikishatiwa, subiri dakika 30 kabla ya kuyatumia.

3. Sugua tunda zima kabla ya kulikata. Usitumie sabuni ya unga ya kufulia nguo.

4. Osha kisu na ubao. Usikatie tunda pale ulipokatia nyama au samaki.

5. Ganda la kuliwa lipike mpaka lichemke vizuri, na uile mboga hiyo ingali moto.

Kukausha juani si kuua vijidudu. Ganda lililokaushwa juu ya paa limepitiwa na nzi na vumbi, kwa hiyo nalo lipikwe.

KUNI NAZO NI GHARAMA

Tunajua kuni za kambini hazipatikani bure, na akina mama na wasichana hukutana na hatari wanapozifuata porini. Kwa hiyo usiwashe moto kwa ajili ya maganda peke yake. Maharagwe yakikaribia kuiva, tia maganda yaliyokatwa vizuri ndani ya sufuria hiyohiyo na ufunike. Joto hupunguza vitamini C, kwa hiyo tumia maji kidogo, na mchuzi usiumwage. Nyama ya tunda lililooshwa vizuri iliwe bila kupikwa, hiyo ndiyo yenye kukupa vitamini hiyo kwa wingi.

GANDA HALICHUKUI NAFASI YA CHAKULA

Hapa tuseme waziwazi. Maganda yana nguvu kidogo sana. Nyuzinyuzi hujaza tumbo haraka, na tumbo la mtoto ni dogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili akijazwa maganda atashiba bila kulishwa. Yeye anahitaji maziwa ya mama na, kuanzia miezi sita, uji mzito wenye mafuta, karanga, samaki au yai kama vinapatikana.

Mtoto anayekonda au kuvimba miguu asitibiwe kwa chakula cha nyumbani pekee. Mpeleke kwa mhudumu wa afya akapimwe mkono kwa mkanda. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye kipimo chake ni chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali, naye anahitaji matibabu siku hiyohiyo.

Na wala mtu asiseme kwamba wakimbizi wapunguziwe mgao kwa kuwa sasa wanajua kupika maganda. Elimu hii ni ya kuongeza kilichopo mezani, haijibu upungufu wa mgao. Mgao ukipungua, endeleeni kulisema jambo hilo kupitia viongozi wenu wa mitaa na kamati za chakula.

YALIYOBAKI YAENDE WAPI?

Maganda ya ndizi na matoke huliwa vizuri na mbuzi na ng'ombe. Uganda wafugaji huyanunua mijini kwa kazi hiyo. Majivu ya maganda ya ndizi yaliyokaushwa hutumiwa na jamii nyingi za maziwa makuu kulainishia mboga na kutengenezea sabuni. Yaliyobaki yafukiwe kwenye shimo la mboji na kufunikwa kwa udongo kila siku ili nzi wasizaliane. Baada ya miezi michache utapata mbolea ya bustani ya gunia, na sukuma wiki, mchicha au majani ya kunde utakayochuma yatakuwa na lishe kuliko ganda lolote.

KUMBUKA

Embe, tikiti, boga, nanasi: maganda yaoshwe, yapikwe, yaliwe. Muhogo na parachichi: maganda yasiliwe. Anayeharisha maji mengi kama maji ya mchele apewe maji ya ORS mara moja na apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kesho. Usimnyime kunywa hata kama anatapika; mpe kidogo kidogo, njiani pia.