Kiazi Kinacholala Kiangazi

Katikati ya Septemba, ukiwa Tabora, chimbua tuta la viazi vitamu lililovunwa mwezi Juni. Juu ni udongo uliopasuka na vikonyo vikavu. Marando yameshaliwa na mbuzi. Chini kidogo, pale jembe lilipopita bila kugusa, utakuta kiazi chembamba cha ukubwa wa kidole gumba, ngozi imenyauka, na upande wa kikonyo pana jicho jekundu limeanza kuvimba. Kiko hai, kinangoja mvua ya Novemba.

Tumezoea kukiita kiazi kitamu zao la msimu. Kwa asili ni mmea wa kudumu. Jembe letu ndilo linaloufupishia maisha. Huko Kanada kuna mfano wa namna hiyo: ndugu wa alizeti anayezaa viazi ardhini. Theluji ikianguka shina hufa, viazi hulala, na joto likirudi huchipua bila kupandwa upya. Huku kwetu Unyamwezi hakuna theluji, ila tuna kiangazi cha Mei hadi Oktoba, nacho huua majani vilevile.

Wenyeji wa huku walijifunza zamani kuishi na kiangazi hicho. Viazi vikinyauka kidogo huparwa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa: hiyo ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kukaushwa, huitwa matobolwa, na mtoto huyatafuna njiani kama peremende. Tabora, ambayo wasafiri Waingereza Burton na Speke waliifikia Novemba 1857, wakati huo ikijulikana kama Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, na misafara ilinunua chakula vijijini. Chakula kikavu kisichooza kilikuwa mali.

Lakini michembe huokoa tumbo, haiokoi mbegu. Kipande kilichokauka hakichipui. Mwenye bonde au kisima huhifadhi marando machache kwa kuyamwagilia. Asiye na maji hutegemea maotea, yaani viazi vilivyosahaulika shambani vinavyochipua vyenyewe mvua ikinyesha. Hapo ndipo tunapopotea. Maotea huanza kukua mvua ikiwa imeshaanza, kwa hiyo marando ya kutosha kupanda hupatikana msimu ukiwa umekwenda mbali. Tena huja na maradhi: virusi vya mwaka jana vimo ndani, na fukusi naye yumo. Mdudu huyu hawezi kuchimba udongo. Huingia kwa kupita kwenye nyufa, na udongo wa Septemba ni nyufa tupu.

Dawa ya kutegemea maotea haihitaji duka. Wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima, Peru, wameijaribu na wakulima wa Tanzania na Uganda: kukilaza kiazi nyumbani badala ya kukiacha shambani. Siku ya kuvuna, chagua viazi vidogo hadi vya wastani kutoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Chukua mchanga mkavu, uuache upoe kivulini. Ukiutia ukiwa bado na joto la jua, umepika mbegu. Tandaza mchanga kwenye beseni, panga viazi visigusane, funika, panga tena, malizia na mchanga. Weka ndani, pembeni, mbali na kuku. Kagua kila mwezi na utoe kilichooza.

Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vihamishie kwenye kitalu karibu na nyumba, nusu mita kati ya kiazi na kiazi, ukizungushia miiba. Mwagilia. Maji ya kuoshea vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanatosha kuongezea. Kiazi kimoja kinaweza kutoa vipando 40, kila kimoja cha urefu wa sentimita 20 hadi 30, na mvua ya kwanza inakukuta umeshika marando mkononi. Wakati huo jirani ndiyo kwanza anakagua maotea yake. Na matembele ya kitalu, usiyachume yote kwa mboga: yaache kwanza yawe mbegu.

Basi mama na baba wa Tabora, mwaka huu, kabla gunia la mwisho halijashonwa, tengeni viazi 40.