Kila Kipande Kina Kwao

Ukiweka kalamu ya mti kwenye meza ya klabu ya wakereza nchini Uingereza, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: mti huu umeutoa wapi? Ukijibu kwamba ulinunua kipande dukani, wataigeuzageuza, watasifu mng'aro wake, kisha wataiweka chini. Ukijibu kwamba mti ulianguka kwa dhoruba ya Januari nyuma ya kanisa, au kwamba bibi wa jirani aliupanda mwaka alioolewa, viti vitasogezwa karibu.

Kukereza ni kuufunga mti kwenye kerezo, kuuzungusha kwa kasi, na kuuchonga kwa patasi huku ukizunguka mpaka uwe mviringo. Pwani yetu neno hili si geni. Miguu ya vitanda vya kale ilikerezwa. London chama cha wakereza kilipata hati ya mfalme mwaka 1604, zama ambazo vikombe, sahani na miguu ya viti vilitoka mikononi mwao. Siku hizi wengi wanaokereza ni watu wa kawaida: mwalimu mstaafu, dereva wa basi, muuguzi, kila mmoja na kerezo lake dogo kwenye banda la uani. Jumuiya yao ya nchi nzima ilianzishwa mwaka 1987, na klabu zilizotapakaa mikoani hukutana aghalabu mara moja kwa mwezi katika kumbi za vijiji. Hunywa chai, humtazama fundi mgeni akifanya kazi mbele yao, na hucheza bahati nasibu ambayo zawadi yake mara nyingi ni kipande cha mbao. Nimeona mtu mzima akishangilia kigogo kisichozidi urefu wa kiganja kana kwamba amepewa mbuzi.

Wanaopenda kalamu ni kundi la pekee ndani ya jamii hiyo. Kalamu haihitaji mti mkubwa. Kipande cha unene wa milimita 19 na urefu wa milimita 127 kinatosha, kwa hiyo tawi ambalo mwingine angelitupa motoni, kwao ni mali. Ndiyo maana macho yao yako kwenye bustani za watu kuliko msituni. Wanajua nani ana mti gani. Wanajua mti upi umezeeka na upi ulipasuka upepo uliopita.

Na katika miti ya bustani, hakuna unaowasisimua kama labarnamu. Asili yake ni milima ya kusini na katikati ya Ulaya, na ulifika bustani za Uingereza katika karne ya 16. Watu huupanda kwa ajili ya maua yake. Mwishoni mwa Mei hutoa vichala virefu vya manjano vinavyoning'inia kama shanga za harusi. Huko Bodnant, kaskazini mwa Wales, kuna kichochoro cha labarnamu chenye urefu wa mita 55, tangu mwaka 1880, na watu husafiri kutoka mbali kupita chini yake katika wiki hizo mbili tatu za maua. Ni wachache kati yao wanaojua kilichomo ndani ya shina.

Ndani mna kiini cheusi. Ukiukata leo utaona rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, lakini kadiri mwanga unavyoupiga, kiini hugeuka kahawia, kisha kahawia nzito kama kahawa isiyo na maziwa, huku ukingo wa nje ukibaki wa rangi ya krimu. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ni mkali, kama uliochorwa. Katika karne ya 17 maseremala wa Kiingereza waliyakata matawi yake vipande vyembamba vya mviringo, kama mtu anayekata muhogo, wakavipanga juu ya makabati ya matajiri. Wafaransa huuita *faux ébénier*, yaani mpingo wa uongo. Mimi niliyekua nikiuona mpingo wa kweli sikulipenda jina hilo mwanzoni, lakini nilipoishika kalamu ya labarnamu iliyokaa miaka kumi mfukoni mwa mwenyewe, nilielewa kwa nini walisema hivyo.

Wauza mbao hawana haja nao. Shina lake ni jembamba, hujipinda, na mti wenyewe hauishi miaka mingi kama mwaloni. Kwa hiyo njia ya kuupata ni moja: kumwendea mwenye bustani.

Hapo ndipo adabu yao inapoonekana. Wale niliowafahamu hawaombi mti ulio hai. Husubiri uanguke, au mwenyewe aamue kuukata. Wakisikia kwamba nyumba imefiwa na watoto wanasafisha ua, hawaendi wiki hiyo. Wakipewa, hukata walichoahidi kukata, hukusanya vitawi na kufagia. Palepale, kabla gogo halijapakiwa, huandika kwa penseli kwenye ncha yake: jina la mti, mahali, mwezi na mwaka. Maandishi hayo huyalinda kuliko gogo. Gogo lisiloandikwa, wanasema, limekuwa yatima.

Kisha ncha hupakwa nta ili unyevu usitoke kwa haraka na kuupasua mti. Kanuni ya wazee ni mwaka mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Wenye haraka hupasua vipande vidogo, huvipima kwenye mizani ya jikoni kila wiki, na siku uzito unapoacha kupungua wanajua mti uko tayari. Kipande hutobolewa kwa keekee katikati, mrija wa shaba ukaingizwa na kugandishwa kwa gundi, ndipo kinapopanda kerezoni. Kazi ya kerezo yenyewe ni fupi; fundi mzoefu humaliza ndani ya saa moja, msasa na mng'aro ukiwemo. Miaka miwili ya kungoja, saa moja ya kufanya. Sijaona anayelalamika.

Labarnamu una mwiko wake pia. Mti mzima una sumu iitwayo sitisini, na mbegu zake ndizo za hatari zaidi, zikiwa ndani ya maganda yanayofanana na ya kunde. Wazazi wengi wameung'oa kwa kuwahofia watoto, na hiyo ni sababu mojawapo ya magogo kupatikana. Wakereza huvaa barakoa kuzuia vumbi lake, na wenye busara hawatengenezi bakuli la chakula wala mwanasesere kwa mti huu. Kalamu iliyofunikwa vizuri kwa vanishi ndiyo matumizi yanayoufaa.

Kalamu ya kwanza kutoka kwenye gogo haiuzwi. Hurudi kwa mwenye bustani. Nilimsindikiza mkereza mmoja kupeleka kalamu kwa mama mzee ambaye mti wake ulikuwa umepandwa na marehemu mumewe. Hakusema mengi. Aliishika, akaandika jina la mumewe nyuma ya bahasha, akatukaribisha chai. Nimehudhuria hafla nyingi za kupeana zawadi za bei kubwa, na sikumbuki moja iliyokuwa na uzito ule.

Kuna uzi mwingine unaoufunga mti huu na kwetu. Waskoti, kabla mbao za ng'ambo hazijaenea, walitengeneza zumari zao za kiriba kwa labarnamu. Baadaye mafundi waliuacha wakachukua mpingo wa Tanzania na Msumbiji, mti mzito unaozama majini, na mpaka leo zumari hizo, pamoja na klarineti na obo, hutegemea mpingo. Miti hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja wa kunde. Mmoja hukua uani na huombwa kwa heshima ukishaanguka. Mwingine huhitaji miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa, na kwa muda mrefu ulivuka bahari bila jina la kijiji ulikotoka.

Si kwamba haiwezekani kulijua. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, Kikole na Kisangi vikiwa vya kwanza, ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa na kuvunwa kwa uangalifu, na gogo la mpingo likaweza kufuatiliwa hadi kwenye kisiki. Wanakijiji wakalipwa kwa mti waliokuwa wakiutunza wenyewe. Lakini vipande vidogo, vile vinavyokwenda kwa wachongaji na wakereza, bado vingi vinauzwa kimyakimya.

Ndiyo sababu nawaomba mafundi wetu, wa Mwenge na wa Mtwara, wachongaji wa vinyago na wa kalamu: kabla hujaipaka kazi yako rangi ya mwisho, andika chini yake mti ulitoka kijiji gani na mwaka gani. Na wewe mnunuzi, usilipe kabla hujauliza.