Mama abaki, baba aende na mtoto

Familia inaishi Birmingham, Uingereza. Ina mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane, na mama ana mimba ya miezi sita. Bibi yuko Handeni, babu mzaa mama yuko Korogwe, na wote wanauliza kila wiki kwa simu: mjukuu tutamwona lini? Swali la nani asafiri huzua mabishano katika familia nyingi za namna hii. Jibu langu ni fupi, ingawa wazee wengi hawalipendi: mama abaki, baba afunge safari na mtoto. Na kinachomzuia mama si ndege. Ni mbu.

Mbu wa Korogwe na mimba ya Birmingham

Mashirika mengi ya ndege humpokea mwenye mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo hadi mwisho wa wiki ya 36, na mwenye mimba ya pacha hadi wiki ya 32. Kuanzia wiki ya 28 hudai barua ya daktari au mkunga. Kwa hiyo mama wa miezi sita angepanda bila mtu kumuuliza mengi. Hatari inamsubiri anakoshukia.

Korogwe ni miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana kwa malaria hapa Tanzania. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake pale, na Korogwe ilikuwa moja ya sehemu 11 za Afrika zilizofanyia majaribio ya mwisho chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Katika vijiji vya bondeni vilivyofuatiliwa na watafiti, mwaka 2003 watoto na vijana wapatao 78 katika kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Mwaka 2008 walibaki takriban 13. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini 13 katika 100 bado ni wengi mno kwa mgeni asiye na kinga.

Bibi atasema, na ana haki ya kusema: mbona sisi tulibeba mimba na kuzaa hapahapa? Jibu liko ndani ya kondo la nyuma. Aina ya vimelea inayotawala kwetu, Plasmodium falciparum, hujificha mimbani kwa namna ya pekee. Chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa huvaa protini inayonasa kwenye kondo, na hapo vimelea huzaliana mbali na wengu, kiungo ambacho kwa kawaida huvichuja. Mwanamke aliyekulia Handeni ana kinga ya kadiri dhidi ya malaria ya kawaida, lakini protini hiyo mwili wake huikuta mara ya kwanza anapobeba mimba. Ndiyo maana katika maeneo yenye malaria nyingi mimba ya kwanza huumizwa zaidi, na zinazofuata hupata nafuu kidogo kwa kuwa mwili umeshajifunza.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo familia nyingi haziioni. Mwanamke aliyebeba mimba yake ya kwanza Birmingham hakujifunza chochote kuhusu malaria ya mimba, na ile kinga ya utotoni imepungua kwa miaka aliyokaa mbali na mbu. Akija Korogwe na mimba ya pili, mwili wake unahesabu kwamba ni ya kwanza. Akiugua, anaweza kupata upungufu mkubwa wa damu, mimba kutoka, mtoto kufia tumboni au kuzaliwa na uzito mdogo. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria, ambavyo wajawazito wetu humeza kliniki kuanzia muhula wa pili viliwekwa kwa ajili ya wakazi wa maeneo haya. Havitoshi kumkinga msafiri. Kwa sababu hiyo ushauri wa kimataifa ni kwamba mjamzito aahirishe safari ya kwenda penye malaria ikiwa si lazima.

Panga kwa wiki za mimba

Makosa mengi ya safari hii hufanyika wakati wa kukata tiketi, maana watu hufuata bei ya shirika la ndege au likizo ya kazini. Anzeni na tarehe ya matarajio ya mama, iliyothibitishwa kwa ultrasaundi ya miezi ya mwanzo, kisha hesabuni kurudi nyuma. Ningependa baba awe ameondoka na kurudi kati ya wiki ya 18 na ya 32. Kabla ya hapo kichefuchefu na uchovu vinamtaka karibu. Baada ya hapo uchungu wa mapema unaweza kumkuta kijijini, safari ya siku mbili kutoka wodini. Na wakati wote baba akiwa mbali, mama awe na mtu mzima wa karibu anayejua dalili za hatari: kutokwa na damu, maji kuvunjika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, au mtoto kupunguza kucheza.

Tarehe ya pili ni siku mtoto anapotimiza miaka 2. Kabla ya siku hiyo anaweza kupakatwa kwa nauli ndogo, kwa kawaida kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza akiwa safarini, mashirika mengi yatadai alipiwe kiti chake angalau wakati wa kurudi. Baba aliye peke yake namshauri alipie kiti hata kabla ya hapo akimudu: mtoto aliyefungwa kwenye kiti chake yuko salama zaidi ndege ikitikisika, na baba anabaki na mikono miwili.

Tatu, kama mtoto bado ananyonya, asiachishwe ziwa siku ya safari. Mwachisheni pole pole kwa wiki kadhaa, mkianza na titi la mchana na kumalizia la usiku, na baba ndiye awe anamlaza. Mtoto aliyezoea kulazwa na baba nyumbani atalazwa na baba angani.

Nne ni dawa ya kuzuia malaria, ambayo mtoto hupewa kwa uzito wake na si kwa umri. Atovakwoni-proguanili huanza siku 1 au 2 kabla ya kufika, hutolewa kila siku, na huendelea kwa siku 7 baada ya kuondoka. Meflokwini hutolewa mara moja kwa wiki, huanza wiki 2 hadi 3 kabla, na humalizika wiki 4 baada ya kurudi. Doksisaiklini haifai kwa watoto wadogo. Baba naye ameze yake, hata kama alizaliwa hospitali ya Magunga, Korogwe. Kinga ya utotoni haimsubiri mtu ughaibuni.

Makaratasi nayo yaanze mapema: pasipoti ya mtoto mwenyewe, viza kama pasipoti hiyo ni ya kigeni, cheti cha kuzaliwa, na barua ya idhini iliyosainiwa na mama ikiambatana na nakala ya pasipoti yake. Maofisa wa mipaka wana sababu ya kumuuliza mwanamume aliye peke yake na mtoto, na barua hiyo hupunguza maswali. Mkiunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi na kukaa zaidi ya saa 12, Tanzania inaweza kudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila mwenye mwaka mmoja na kuendelea.

Angani

Ndani ya ndege hewa hupunguzwa shinikizo hadi kufanana na ile ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kila aliyepanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua masikio yanavyoziba kwenye zile kona. Ndege hufanya hivyo kwa ghafla zaidi, hasa ikishuka. Mrija unaounganisha sikio na koo ni mwembamba kwa mtoto, na hufunguka anapomeza. Hivyo usimpe maziwa yote katikati ya safari. Hifadhi chupa kwa nusu saa ya mwisho kabla ya kutua, na kama amelala mwamshe anywe. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari.

Hewa ya ndege ni kavu, kwa hiyo mpe maji kidogo kidogo kila mara. Kuhusu dawa za kusinzisha, yaani zile za mafua na mzio ambazo watu hunong'onezana, sitazunguka: usimpe. Promethazini hairuhusiwi kwa mtoto chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi, na wengine badala ya kulala huchachamaa safari nzima.

Kuhusu choo, baba afikirie mapema. Mbebe mtoto kifuani kwa mbeleko, ingia naye, na ubadilishe pampasi kabla haijajaa. Pakia kanga mbili: moja ya kumbebea na kumfunika, nyingine ya kutandika. Nguo za kubadilisha ziwe za watu wawili, kwa sababu mtoto akitapika anayepakatwa huwa si yeye peke yake anayelowa.

Kilomita za mwisho

Korogwe iko karibu katikati ya viwanja viwili vya kimataifa. Kwenda Dar es Salaam au kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, zote ni takriban kilomita 300. Anayekwenda Handeni, Dar ndiyo nyepesi zaidi, kwa kuwa barabara ya lami inaingilia Mkata. Anayekwenda Korogwe achague kwa saa ya kutua.

Ndege nyingi za kutoka Ulaya hutua jioni au usiku. Hapo ndipo jamaa huja na gari wakitaka kufika kijijini usiku huohuo, na hapo ndipo naona hatari kubwa kuliko yote yaliyopita angani: baba aliyekesha, dereva aliyesubiri mchana kutwa, malori gizani, na mtoto mapajani bila mkanda. Laleni Dar au Moshi. Ondokeni asubuhi, mtoto akiwa kwenye kiti chake cha gari mlichokuja nacho. Wanaopanda basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wamlipie mtoto kiti, wakae katikati ya gari, na wafunge mikanda.

Nyumbani kwa bibi

Wenyeji mna kazi yenu pia, na ianze kabla mgeni hajafika. Chandarua chenye dawa kiwe kimeshatundikwa juu ya kitanda cha mtoto na hakina tundu. Mbu wa malaria huuma tangu giza linapoingia hadi alfajiri, kwa hiyo hadithi za jioni uani zisikilizwe akiwa amevaa mikono mirefu na suruali. Handeni ina historia ndefu ya shida ya maji. Ya kunywa yachemshwe, hata yale yanayoonekana meupe. Machungwa ya kumenya mpeni bila wasiwasi. Akiharisha, mpeni ORS kila anapokwenda haja na vidonge vya zinki vya zahanati kwa siku 10, na aendelee kula. Akichoka kuonwa, muacheni alale. Shangazi na majirani waje kwa zamu.

Homa ikimpata, asipewe panadoli akasubiriwa. Apimwe siku hiyohiyo kwenye zahanati, na akizidiwa apelekwe hospitali ya wilaya au Magunga. Vimelea vya falciparum huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa na mbu hadi homa kutokea. Kwa hiyo homa ya siku ya pili baada ya kufika huenda ni kitu kingine, lakini homa ya siku ya kumi ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Baada ya kurudi

Mama aliyebaki mara nyingi huogopa kwamba mtoto atamletea malaria. Hawezi: ugonjwa huo hauruki kutoka mtu hadi mtu bila mbu. Yanayoweza kumfikia ni rubela, tetekuwanga na virusi vya kuhara, ndiyo maana chanjo za mtoto zikamilike kabla ya safari na mikono ioshwe kila baada ya kubadilisha pampasi.

Jambo la kuogopa ni kuchelewa. Malaria inaweza kujitokeza hadi miezi 3 baada ya kurudi, wakati mwingine zaidi, pale ambapo baba amesharudi kazini na mama yuko katika wiki zake za mwisho. Daktari wa Uingereza akiona mtoto mwenye homa wakati wa baridi atawaza mafua. Basi mama aijue sentensi hii na aitamke kabla ya nyingine yoyote: "Mtoto huyu ametoka Korogwe, Tanzania, eneo lenye malaria, naomba apimwe malaria leo." Na mtoto akipimwa akakutwa hana, lakini homa ikaendelea, mama arudi aombe kipimo tena kesho yake.