Gari Kuukuu na Gesi Mpya: Kabla ya Kulipa, Uliza

Kamati ya msikiti wetu ina basi dogo lililotengenezwa mwaka 1990. Basi hilo hupeleka wazee kliniki, huwarudisha watoto wa madrasa majumbani, na siku ya msiba huwachukua wafiwa hadi makaburini. Kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa miaka mingi. Mwezi Februari, mama mmoja mwenye shinikizo la damu alizidiwa na joto garini akiwa njiani kwenda kliniki. Hapo kamati ikaona kuwa hewa baridi katika gari lile si anasa, na waumini wakachanga.

Fundi wa kwanza alikuja na mtungi wa gesi ya kisasa, akaunganisha mpira, akajaza. Nusu saa haikutimia, hewa baridi ikaanza kutoka. Tukamlipa na kumshukuru. Wiki ya tatu kompresa ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga nafaka, kisha ikakwama na mkanda wake ukakatika. Kwa kuwa ni katibu, mimi ndiye niliyesimama baada ya swala ya Ijumaa kuwaeleza waumini fedha zao zimekwenda wapi. Sikuwa na la kusema, kwani kabla ya kulipa sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Fundi wa pili aliifungua kompresa mbele yetu. Ndani ilikuwa kavu, na mabomba yalikuwa na chembe za chuma. Aliyotueleza siku ile yanamhusu kila mwenye gari la umri huo.

Kwa nini gesi ya zamani iliondolewa

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R-12. Haiwaki, na kwa miongo mingi ilidhaniwa haina dosari. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu sana angani, huvunjwa na miale ya jua na kutoa klorini, nayo klorini hulila tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali. Mwaka 1987 mataifa yalifikia Mkataba wa Montreal. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010.

Katika magari, nafasi yake ilichukuliwa na R-134a, isiyo na klorini. Hata hivyo gesi hii nayo huongeza joto la dunia inapovuja, na ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza matumizi ya gesi za jamii yake. Kwa hiyo gesi yoyote kati ya hizi haifai kuachiliwa hewani. Ikiwa gari bado lina mabaki ya R-12, yanyonywe kwa mashine na kuhifadhiwa katika mtungi.

Kosa lililoua kompresa yetu

Kompresa haina oili yake pembeni kama injini. Oili huzunguka pamoja na gesi, ikatoka na kurudi. R-12 ilichukuana vyema na oili ya madini. R-134a haichanganyiki na oili hiyo. Ukijaza gesi mpya juu ya oili ya zamani, oili hubaki imetuama katika mabomba, nayo kompresa hujisaga yenyewe. Baridi hutoka, mwenye gari akafurahi, huku chuma kinakula chuma.

Kazi sahihi, basi, huanza kwa kuimwaga oili ya zamani kadiri inavyowezekana na kutia oili ya esta, ambayo huvumilia mabaki machache ya ile ya awali. Kisha hubadilishwa draya, yaani kichujio kinachofyonza unyevu, kwa sababu dawa ya ukaushaji iliyomo katika draya nyingi za zamani haipatani na gesi mpya. Mipira ya kwenye maungio nayo hubadilishwa, na nozeli za kujazia huwekwa za aina ya R-134a, ili fundi wa kesho asije akachanganya gesi mbili.

Baada ya hapo pampu hufyonza hewa yote katika mfumo, kwa muda usiopungua nusu saa. Ufyonzaji huo hutoa pia unyevu, ambao ukibaki huzaa kutu na asidi. Kisha geji huangaliwa: ikiwa mfumo haukai bila hewa, kuna tundu, nalo litafutwe kwanza.

Gesi hupimwa kwa mizani. Kipimo cha kawaida ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa na kiwanda. Gari lililochukua gramu 900 litatosheka na gramu 720 hadi 810. Kuzidisha hakuongezi baridi, bali hupandisha shinikizo. Na kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, isafishwe vumbi, kwani gesi mpya huilemea zaidi, hasa katika foleni.

Wapo pia wanaoshauri kutia gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi. Hiyo ni gesi inayowaka. Ikivuja ndani ya gari lililojaa watoto, cheche moja yatosha.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kutoa fedha, muulize fundi: Utamwaga oili ya zamani? Utatia oili gani? Draya na mipira vitabadilishwa? Una pampu ya kufyonza hewa na mizani? Fundi mwaminifu hatachukizwa. Mwishoni mwombe abandike karatasi chini ya boneti, yenye aina ya gesi, uzito wake, aina ya oili na tarehe.

Basi letu lilipata kompresa nyingine, na mabomba yakasafishwa. Gharama ilizidi mara kadhaa ile ya kwanza, na katika daftari la kamati nimeziandika zote mbili, moja chini ya nyingine. Yule mama wa kliniki sasa huomba tupunguze baridi.