Mafuta ya Injini kwa Motokaa Yenye Turbo

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliotutangulia katika shule hii, leo nataka kueleza jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni mafuta ya injini. Sisemi petroli wala mazutu, bali yale mafuta yanayolainisha vyuma ndani ya injini. Najua kwamba katika mabweni yetu hakuna mwenye motokaa. Lakini wengi wa waliotutangulia wanazo, na baadhi yao wamenunua magari mapya yenye turbo. Nasi tulio darasani leo, kesho huenda tukakabidhiwa gari la mtu, na uzembe wa dakika mbili ukamla mwenye gari mali ya miaka miwili.

Nitaanza kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe. Baba yangu mdogo alikopa fedha akanunua gari jipya, pikapu ya mazutu yenye turbo, apate kupeleka bidhaa Gitega na kurudi na vyakula Bujumbura. Alilipenda mno. Kila jioni alilifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Katika kitabu cha gari alisoma kwamba mafuta hubadilishwa kila kilomita 15,000, akafurahi sana, akasema magari ya siku hizi hayana usumbufu. Mafuta yalipopungua aliongeza yale ya pipa, yanayouzwa kwa chupa kando ya njia, kwa kuwa ni rahisi. Siku moja, akipanda mlima kwenda Bugarama na mzigo wa saruji, alisikia mlio kama wa firimbi, kisha moshi wa buluu ukatoka nyuma, na gari likaishiwa nguvu. Turbo ilikuwa imekufa. Bei ya nyingine ilipita ada ya shule yangu na ya dada yangu kwa mwaka mzima. Mimi nilirudi shuleni kwa kuwa nilikuwa karibu na mtihani wa mwisho. Dada yangu alikaa nyumbani majuma matatu.

Mjomba wangu ni fundi huko Buyenzi. Ndiye aliyelifungua gari lile, nami nilikuwapo likizoni nikimshikia taa. Haya ninayoandika ni yale aliyonionyesha, pamoja na yale niliyoyathibitisha katika vitabu.

Kwanza tujue turbo ni nini. Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Ikipata hewa nyingi zaidi yaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Mswisi mmoja, mhandisi Alfred Büchi, alifikiri kwamba moshi utokao katika injini una nguvu inayopotea bure, na mwaka 1905 alipata hati ya uvumbuzi wake. Turbo ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika ncha mbili za mtaimbo mmoja mfupi. Moshi hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili, kwa kuwa limeshikana nalo, huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini.

Kwa nchi ya milima kama yetu chombo hiki ni msaada mkubwa. Bujumbura iko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Bugarama, mwendo wa kilomita 35 hivi, iko zaidi ya mita 2,000. Kufika huko juu, mgandamizo wa hewa huwa umepungua kwa moja ya tano hivi kuliko pwani. Gari lisilo na turbo hukosa pumzi kama mtu. Lenye turbo hulipa pengo hilo, lakini kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Kwa hiyo pale tunapofurahia nguvu za gari ndipo turbo inapofanya kazi ngumu kuliko zote.

Sasa angalia kazi ya mafuta. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mtaimbo wa turbo waweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika hiyo hiyo. Katika turbo nyingi mtaimbo huo hauchukuliwi na gololi. Huelea juu ya utando wa mafuta mwembamba kuliko unywele. Upande mmoja wake unapigwa na moshi wenye moto wa digrii mia kadhaa. Katika injini za petroli moto huo waweza kukaribia digrii 1,000. Mafuta ndiyo yanayoulainisha mtaimbo, ndiyo yanayouchukua, na ndiyo yanayoondoa joto lake. Na mafuta hayo ni yale yale yanayozunguka katika injini. Yakichafuka huku, yamechafuka na kule.

Mjomba alipofungua ule mrija mwembamba unaopeleka mafuta kwenye turbo ya baba mdogo, alichokonoa kwa waya, ukatoka unga mweusi mgumu kama makaa. "Unaona, mpwa wangu?" akaniambia. "Haya yalikuwa mafuta. Yamepikwa hata yakawa mkaa." Mrija ulikuwa umeziba karibu wote, na mtaimbo ulikuwa ukizunguka kavu.

Je, ni mafuta gani tuyachague? Juu ya kopo mna alama za namna mbili. Ya kwanza ni uzito, kwa mfano 5W-30 au 15W-40. Herufi W huonyesha majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake yatuambia jinsi mafuta yanavyotiririka yakiwa baridi. Ikiwa ndogo, hutiririka upesi. Namba ya nyuma yatuambia uzito wake yakiwa na joto la digrii 100. Ikiwa kubwa, ni mazito zaidi. Hapa wengi hukosea. Husema, "Bujumbura kuna joto, basi tutie mafuta mazito kabisa." Lakini asubuhi, injini inapowashwa, mafuta mazito huchelewa kufika kwenye turbo, na turbo haingoji. Tena njia za mafuta katika injini mpya ni nyembamba, zimepimwa kwa uzito fulani. Kitabu cha gari huandika uzito unaoruhusiwa, na pengine huruhusu zaidi ya mmoja kulingana na joto la nchi. Chagua ndani ya mipaka hiyo, usitoke nje yake.

Alama ya pili ni ya ubora, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Katika utaratibu wa Kimarekani uitwao API, herufi S ni ya injini za petroli na herufi C ni ya injini za mazutu. Herufi ifuatayo huonyesha hatua ya maendeleo: SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020, kwa mazutu, CK-4 ilitoka mwaka 2016. Daraja la SP lilitengenezwa hasa kwa ajili ya injini ndogo za petroli zenye turbo. Ndani ya injini hizo, zikivuta mzigo kwa mwendo wa polepole, petroli yaweza kuwaka kabla ya wakati wake kwa kishindo kinachovunja pistoni, na mafuta yasiyofaa huzidisha hatari hiyo. Katika utaratibu wa Ulaya uitwao ACEA, mafuta yenye herufi C yametengenezwa kwa magari yenye vyombo vya kusafisha moshi, kwa maana hayaachi majivu mengi. Gari jipya la mazutu lenye chujio la moshi likitiwa mafuta mengine, chujio hilo huziba upesi. Basi beba kitabu cha gari unapokwenda dukani, ukalinganishe herufi kwa herufi. Mafuta ya sintetiki hustahimili moto wa turbo kuliko yale ya kawaida, na magari mengi mapya huyataka hayo tu.

Na kopo lenyewe litazame. Likiwa limefunguliwa, au kifuniko kimebanwa upya, liache. Makopo matupu ya mafuta mazuri huokotwa yakajazwa mabaya. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia kesho, na utunze stakabadhi, maana mwenye gari jipya akidai dhamana ataulizwa ushahidi.

Sasa twende kwenye jambo la pili, muda wa kubadilisha mafuta, kazi ambayo mafundi wetu huiita vidanji. Hapa ndipo baba mdogo alipokosea. Hakusoma uongo, alisoma nusu. Zile kilomita 15,000 ziliandikwa kwa gari linalokwenda katika njia nzuri bila shida. Ukurasa wa pili wa kitabu kile kile una orodha ya matumizi magumu, nao waagiza muda upunguzwe. Orodha hiyo ni hii: vumbi, milima mirefu, mizigo mizito, safari fupi fupi ambazo injini haipati joto, na kukaa muda mrefu injini ikinguruma bila gari kwenda. Nilipoisoma nilicheka, kwa kuwa nilidhani mtu ameandika habari za Burundi.

Huenda mtu akasema mafundi hupenda vidanji za mara kwa mara ili wapate fedha. Basi na awatazame Wajapani watengenezao Toyota. Katika nchi yao wenyewe, gari la petroli lisilo na turbo huagizwa kubadilishwa mafuta kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini lenye turbo kila kilomita 5,000 au miezi sita. Na likiwa katika matumizi magumu, kilomita 2,500 au miezi mitatu. Hiyo ni Japani, penye lami safi.

Tena kilomita peke yake si kipimo. Mwaka 2024 petroli ilipokuwa haba mjini kwetu, magari yalikaa foleni siku nzima, yakiwashwa, yakisogea hatua chache, yakizimwa. Saa ya kilomita haikusogea, lakini mafuta yalikuwa yakichafuka, maana petroli isiyoungua na unyevu huingia ndani yake injini isipopata joto la kutosha. Ndiyo sababu vitabu husema kilomita kadhaa au miezi kadhaa, lolote litakalotangulia.

Shauri la mjomba, nami naliunga mkono, ni kwamba kitabu tukifuate kwa aina ya mafuta, na kwa muda tufuate ukurasa wa matumizi magumu. Kitabu kisipokuwa na ukurasa huo, ukate muda wake nusu: kama kimesema 10,000, wewe badilisha kwa 5,000, au kwa miezi sita. Kila mara badilisha na chujio la mafuta pia. Kutia mafuta mapya na kuacha chujio la zamani ni kuoga na kuvaa nguo chafu. Na kila juma, gari likiwa limesimama mahali sawa na injini imepoa, chomoa kijiti ukapime. Gari lenye turbo laweza kunywa mafuta kidogo kidogo hata likiwa zima.

Liko jambo moja zaidi lisilogharimu faranga hata moja. Madereva wengi wakifika Bugarama husimama kununua kabichi na karoti. Wametoka kupanda mlima mrefu, turbo imewaka moto, nao huzima injini papo hapo na kurukia mboga. Injini ikizimwa, mafuta husimama. Yale yaliyobaki katika turbo hukaangwa juu ya chuma cha moto. Ndiyo asili ya ule unga mweusi. Iache injini ingurume polepole dakika moja au mbili, ukiwauliza wauzaji bei dirishani, ndipo uzime. Na asubuhi ukiwasha, usikanyage moto mara moja; ngoja kidogo mafuta yafike juu.

Tukitaka shahidi wa nguvu ya mafuta, yupo katika ziwa letu. Meli Liemba, iliyokuwa ikifika hadi bandari ya Bujumbura, zamani iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 na mitambo ile ile. Miaka mingi chini ya maji, chuma kikaokolewa na mtu aliyekipaka mafuta kwa uangalifu. Na pikapu mpya, juu ya nchi kavu, haikumaliza hata miaka miwili.

Mwisho, mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu huingia mto Ntahangwa na mito mingine, nayo huingia ziwani, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunywayo mjini. Yatie katika dumu, umpe fundi anayeyakusanya.

Siku ile turbo mpya ilipofungwa, mjomba alimkabidhi baba mdogo ufunguo akamwambia, "Shemeji, usipoziba ufa utajenga ukuta." Baba mdogo hakujibu. Lakini sasa, ndani ya mlango wa gari lake, amebandika karatasi yenye tarehe na kilomita za kila vidanji, na mwandiko wa karatasi hiyo ni wa dada yangu. Yeye ndiye mwenye kazi ya kumkumbusha, na hajakosa hata mara moja.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Bujumbura