Istilahi za Kupima Usafi wa Mikono Hospitalini

Istilahi za kupima usafi wa mikono ya watumishi wa hospitali huonekana nyepesi, na kwa sababu hiyo hufasiriwa ovyo. Muuguzi wa Litembo au wa Liuli, huko Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, akipewa fomu iliyofasiriwa vibaya atajaza hesabu isiyo ya kweli.

Tuanze na kitenzi. Kunawa kwadai maji: mkulima wa Namswea atokaye katika ngoro zake hunawa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 huhesabu pia kupaka dawa ya spiriti, isiyohitaji maji. Twapendekeza basi kutakasa kiwe kitenzi cha jumla, na kunawa kiwe namna mojawapo. (Vitakasa mikono lilienea mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, hatukulieneza sisi, lilienezwa na hofu.)

Ugumu hasa uko katika sababu na wajibu. Mwongozo huo wataja sababu 5: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi itakiwayo kufanywa bila vijidudu, baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Sababu mbili zaweza kukutana katika wajibu mmoja. Muuguzi aendaye moja kwa moja kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine ana sababu 2, lakini wajibu 1. Akitakasa mara moja, amepata asilimia 100. Mfasiri akiziita zote “nafasi”, mhesabuji ataandika 1 kwa 2, yaani asilimia 50, na muuguzi ataitwa mzembe kwa kosa la mfasiri.

Fursa tumeikataa, maana fursa huachwa bila lawama. Wasaa nao haufai: wodi ikijaa, nani ana wasaa?

Matendo yaliyofanyika yakigawanywa kwa idadi ya wajibu, kisha yakizidishwa kwa 100, hupatikana kiwango cha utimizaji. Wengi husema uzingatiaji. Si kosa, ila kuzingatia ni kazi ya moyo, na kinachopimwa hapa ni tendo. Utii usitumike kabisa, kwani penye bomba kavu hakuna aliyeasi.

Ahesabuye aitwe mwangalizi, si mkaguzi. Watu hutakasa zaidi wajuapo kwamba wanatazamwa, na neno mkaguzi huwaongezea sababu ya sita isiyomo mwongozoni.