Baridi ya Julai: Kinachombana mtoto kifua kimo chumbani

KILA mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, watu wa Limuru, Kinangop na hata Nairobi hujikunyata kwa baridi. Madirisha hufungwa, matambara yakasukumwa chini ya mlango na jiko la makaa likaingizwa chumbani. Usiku wa manane mtoto mwenye pumu anaanza kukohoa, kifua kikilia kama mluzi. Mama analaumu baridi na kumwongezea blanketi.

Mzazi, baridi ina lawama yake, na mafua ya msimu huu pia. Lakini mara nyingi adui yumo ndani, na ni wewe uliyemfungia pamoja na mtoto.

Anza na hilo blanketi lililokaa sandukuni tangu mwaka jana. Ndani yake, na katika godoro na mito, huishi wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, ambao hula chembe za ngozi zinazotuambuka. Hawaumi mtu. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chao, ambacho mtoto hukivuta kila anapojigeuza. Fua mashuka na foronya kila wiki. Maji yenye joto la digrii 60 huwaua. Siku jua likichomoza, hata kwa saa mbili tu, toa godoro na mablanketi nje uyakung'ute. Usimtume mgonjwa kazi hiyo! Sakafu nayo ipanguswe kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hurusha vumbi hewani.

Kisha tazama ukuta ulio nyuma ya kitanda. Madoa meusi ya ukungu huletwa na unyevu: nguo zinazoanikwa ndani kwa sababu nje kuna manyunyu, sufuria inayochemka bila kifuniko, pumzi za watu watano katika chumba kimoja. Yasugue kwa maji na sabuni, ukaushe, na usogeze kitanda ili hewa ipite. Kuyapaka rangi juu ni kujidanganya.

Jiko ndilo baya zaidi. Moshi wa makaa, kuni na mafuta ya taa huwasha njia za hewa. Isitoshe, makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwaua usingizini hata watu wenye afya. Kwa hivyo jiko lisilale ndani kamwe, hata likionekana limezimika. Mvishe mtoto soksi na sweta, na uache dirisha wazi kidogo.

Na baba anayevutia sigara mlangoni akidai moshi unakwenda nje? Moshi huo unarudi ndani. Dawa ya mbu ya kuwasha pia ina moshi. Neti ni bora.

Majirani watakwambia kwamba pampu ya pumu humzoesha mtoto vibaya. Si kweli. Ikiwa daktari alimwandikia ile ya kuzuia, aitumie kila siku, hata wiki ambayo hakohoi. Na akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikiwa ya kijivu au buluu, mpe ile ya kufungua kifua na umkimbize hospitalini usiku huo huo. Usingoje kuche.